Kabla hujaomba tena nafasi ya kufundisha jukwaa na picha za kidijitali

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana aliyemaliza TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo. "Dada shikamoo. Nimeomba kufundisha picha za kidijitali na maonyesho ya jukwaani vyuo vikuu vitatu vya Uingereza, vyote vimenikataa. Kazi zangu umeziona. Nakosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kazi zako nimeziona, ni nzuri. Na zangu zilikuwa nzuri, nikakataliwa vilevile. Nimeona nikujibu hapa, maana najua hauko peke yako.

Tangazo huandikwa Teaching Fellow. Wengi wetu tukiliona tunadhani ni heshima ya msanii: utapewa chumba, vifaa na mwaka mzima wa kuunda kazi yako. Kwa Uingereza hiyo ni ajira ya ualimu. Vipindi, kusahihisha, kusimamia maonyesho ya wanafunzi, mara nyingi kwa mkataba wa miezi michache au mwaka. Sanaa yako utaifanya usiku ukibakiwa na nguvu. Mimi hayo yote niliyasoma kwenye tangazo nikayapita, macho yangu yako kwenye jina la chuo.

Habari za viza na vyeti naziruka, kila mtu na njia yake. Nianzie kwenye usaili wa kwanza.

Walinipa dakika kumi na tano nifundishe. Nilikuja nimejipanga hasa. Nikaanza na Erwin Piscator aliyeingiza filamu jukwaani Berlin miaka ya 1920, nikaenda kwa Josef Svoboda na Laterna Magika yake, onyesho lililochanganya filamu na waigizaji hai, kwenye maonyesho ya Brussels ya 1958, nikatua Stratford, Uingereza, 2016, ambako Ariel, yule roho wa tamthilia ya Shakespeare The Tempest, alichezwa na mwigizaji aliyevaa vihisi mwilini na umbo lake likaonekana limeelea juu ya jukwaa. Kisha nikawaonyesha video ya kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa naongea vizuri, nalijua hilo. Zikiwa zimebaki dakika mbili, binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akanyosha mkono: "Mimi nikiwa mwigizaji kwenye onyesho hilo, naangalia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia inategemea.

Barua pepe ilinikuta kwenye basi. Mistari miwili: kazi zako za kisanii ni za kuvutia, ila hatukuona wanafunzi wangefanya nini. Nilipitiliza vituo viwili nikiwa nimeikodolea macho simu. Na mtu mmoja niliyemheshimu sana akaniambia labda ni lafudhi yako. Neno hilo lilinikaa kifuani miezi mingi, na nisiseme uongo, halijatoka lote. Lakini kila nilipoirudia ile mistari miwili, lafudhi haikuwamo. Alikuwamo yule binti na swali lake.

Miezi mitano baadaye chuo kingine kiliniita. Safari hii nilibeba shuka jeupe la kitanda, kipande cha boksi, uzi na gundi ya karatasi. Projekta walikuwa nayo. Wanafunzi sita.

Nikawaambia: nataka giza kamili. Wakazima taa, wakaweka picha nyeusi kwenye kompyuta, wakasubiri. Shuka likabaki na mraba wa kijivu unaong'aa. "Mbona halizimiki?" mmoja akauliza. Nikanyamaza. Mwenzake akasogea, akaweka kiganja mbele ya lenzi, mraba ukatoweka. Hapo ndipo nilipoeleza: taa ya projekta bado inawaka, rangi nyeusi ni jaribio lake tu la kuuzuia mwanga, na hadhira iliyokaa gizani itauona mraba huo. Wakakata boksi, wakalifunga uzi, wakapata kifuniko cha kuvuta kwa mbali. Kisha mmoja akasimama mbele ya shuka, kivuli chake kikaila picha yote. Wakahangaika wenyewe mpaka wakaipandisha projekta juu, ikamulika kwa mshazari, kivuli kikaangukia sakafuni nyuma yake.

Mwisho nikaomba kamera imrushe mwigizaji huyo kwenye shuka akisema sentensi moja. Midomo ya kwenye picha ilichelewa kidogo nyuma ya sauti, na wote wakawa wanaitazama ile sura kubwa, yeye mwenyewe hakuna aliyemwangalia. Nikawauliza: sasa yeye aangalie wapi? Walibishana mpaka muda ukaisha.

Jopo lilikuwa na swali moja zito: vifaa vikigoma usiku wa onyesho? Hapo nilikuwa nyumbani. Nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwenye onyesho letu moja umeme ulikatika katikati ya tendo la pili. Waigizaji hawakusimama, mtu akaleta chemli, tukamaliza. Tangu siku hiyo kila onyesho ninalolisimamia hufanyiwa mazoezi mara moja bila mashine yoyote, na tukio lisilosimama bila picha linarudi kuandikwa upya. Niliwaambia hivyo hivyo. Nikapewa mkataba wa miezi kumi, na ulipoisha wakaniongezea miaka miwili. Najivunia hilo, na sioni haya kulisema.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Acheni kutuma video ya dakika kumi mkidhani itawasemea. Wanaosoma maombi wamemaliza siku nzima na wanafunzi waliokwama kwenye kebo, wanamtafuta mtu wa kusimama nao. Andika uliwahi kumfundisha nani, hata kama ni watoto wa kikundi cha mtaani kwenu, na walitoka wanajua kufanya kitu gani. Tangazo likiorodhesha sifa za lazima, jibu moja baada ya nyingine kwa mfano, usiruke hata moja. Ukipewa muda wa kufundisha, nyamaza zaidi ya unavyodhani inafaa. Narudia: nyamaza. Kujua QLab au Isadora, programu za kuendesha picha na sauti jukwaani, kunasaidia, lakini programu anajifunza mtu yeyote mwenye wiki mbili na subira. Subira ya kumwacha mwanafunzi aguse projekta kabla yako inachukua muda mrefu zaidi, na wengi wetu tuliolelewa kwenye mihadhara ya kunakili ubaoni tunapaswa kuitafuta kwa makusudi.

Nilimwomba yule kijana anitumie barua yake ya maombi. Imefika jana usiku, kurasa mbili. Neno "wanafunzi" limo mara moja, kwenye sentensi ya mwisho kabla ya jina lake. Jumapili saa mbili usiku tunapigiana simu, tutaanzia hapo.