Mke wangu hataki nimbebe mtoto kwenye gari

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 31 na naendesha gari kila siku kwenda kazini. Miezi miwili iliyopita daktari alinipima, akaniambia nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya umakini uwe mgumu kuushika, na kunianzishia dawa ya kumeza asubuhi. Wiki iliyopita usiku, tukitoka kwa mama mkwe, nilipita taa nyekundu bila kuiona kabisa. Lori lilipiga honi, tukakoswakoswa. Sikuwa nimelewa, na simu ilikuwa mfukoni. Tangu siku hiyo mke wangu amekataa nimbebe mtoto wetu wa miaka minne. Najiona mzembe. Je, niache kuendesha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni wote watatu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana taa kama hiyo nimewahi kuipita mimi mwenyewe, nikiwa tayari nafundisha udereva kwa miaka tisa. Yangu ADHD niliambiwa nikiwa mtu mzima, baada ya tukio hilo.

Mzembe huiona taa akaidharau. Wewe hukuiona. Sisi wenye ADHD umakini tunao, ila hauji kwa kuamriwa. Mtu akituingiza kwenye mzunguko wenye magari ya kila upande, tunaweza kuwa macho vizuri. Tatizo ni njia tuliyoizoea, usiku, gari chache, hakuna jipya la kuishika akili. Hapo macho yanabaki mbele lakini mtu mwenyewe ameshaondoka.

Sasa saa. Dawa yako ni ya asubuhi, na tukio lilikuwa usiku. Dawa za ADHD zinazotumika zaidi, zile za muda mfupi hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi tangu uzimeze, na za muda mrefu kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Kama uliimeza saa moja asubuhi, ukitoka kwa mama mkwe saa tatu usiku imeshakuacha. Na jambo hili lina uzito: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watu zaidi ya milioni 2.3 wenye ADHD nchini Marekani ulionyesha kwamba katika miezi waliyopata dawa, ajali zilikuwa pungufu kwa asilimia 38 kwa wanaume na 42 kwa wanawake, ikilinganishwa na miezi yao wenyewe bila dawa. Kwa hiyo rudi kwa daktari ukiwa na ratiba yako ya kuendesha, saa kwa saa, mpange naye. Usijiongezee kidonge cha jioni kwa akili yako. Utakosa usingizi, na dereva asiyelala ni hatari nyingine.

Dawa peke yake haitoshi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye ADHD, mikono yake mizuri kabisa kwenye usukani. Aliweka chupa ya maji kwenye kiti. Kwenye kona ikabingirika, ikaangukia miguuni pake. Nikaona kichwa chake kinashuka chini ya usukani, mkono mmoja unapapasa zulia, na gari linahamia taratibu upande wa magari yanayokuja. Nilikanyaga breki ya mwalimu. Tulipoegesha, kijana alikuwa anatetemeka. Akaniambia, "Sikumbuki kuamua kuinama." Nilimwamini. Kwetu mkono hutangulia, uamuzi ukafuata nyuma.

Tena fikiria: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde mbili tu ni mita 33. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya mafunzo waliyopewa vijana wenye ADHD kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji: wakitoa macho barabarani kwa sekunde mbili au zaidi, kengele inalia. Baadaye, hata kwenye magari yao, walipunguza kutazama pembeni kwa muda mrefu.

Kwa hiyo malizana na kila kitu kabla ya kuwasha gari. Chupa na begi viende kwenye buti. Simu hiyo ya mfukoni nayo iende huko ikiwa kimya, kwa sababu mfuko ukitetemeka mkono utakwenda. Vioo, redio, ramani, vyote viwe tayari. Na kitu kikianguka, ni mali ya sakafu mpaka uegeshe. Kwenye zile njia za usiku tulivu, sema kwa sauti unachokiona: "Taa mbele, njano. Baiskeli kushoto. Lori linaingia." Mimi hufanya hivyo kila jua likizama, nikiwa na abiria au peke yangu.

Kuacha kabisa, hapana. Ila usiku acha kwanza, mpaka umwone daktari, na ulizia pia mamlaka ya leseni ya kwenu kama unatakiwa kuwaarifu. Kuhusu mtoto, mkeo yuko sahihi kwa sasa. Usibishane naye, wala usimwombe akuamini tu. Mwombe akae kiti cha mbele mchana, mtoto akiwa amebaki nyumbani, akusikilize ukitaja barabara kuanzia mlangoni mpaka mnakokwenda. Siku nyingine tena, na tena. Siku ya kumrudisha mtoto kwenye kiti cha nyuma ataichagua yeye.