Malipo ya Mtandaoni: Maswali ya Wafanyabiashara wa Kigoma

Nauza dagaa Kibirizi, na wateja wa Dar es Salaam hunitumia fedha kwenye namba yangu binafsi. Je, kuna haja ya kuchukua Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu?

Ipo. Fedha za biashara zikichanganyika na ada za watoto na michango ya harusi, hutajua kama dagaa wamekupa faida au hasara. Aidha, Lipa Namba humwonesha mlipaji jina la biashara kabla hajaingiza namba ya siri, jambo linalompa imani mtu ambaye hajawahi kukuona. Andaa kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kisha ulizia masharti kwenye duka la mtandao wako wa simu.

Tumefungua duka la mtandaoni la mawese hapa Mwanga. Fundi amejaribu malipo kwenye mfumo wa majaribio na yamekubali. Tuanze kuuza?

Bado. Mafundi hupenda kumwonesha mwenye duka malipo yaliyokubali; wewe mwombe akuoneshe yaliyokataa. Mteja aghairi, akosee namba ya siri, awe na salio pungufu, au aache ombi la malipo mpaka muda wake uishe, na katika kila hali oda ibaki haijalipwa na mteja aelezwe sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Jaribio gumu zaidi ni lile la mtandao kukatika katikati, yaani fedha zimekwishakatwa kwa mteja lakini taarifa ya malipo haijafika dukani kwenu. Hapo mfumo unapaswa kuiuliza kampuni ya malipo hali ya muamala huo kwa kutumia namba yake ya kumbukumbu, badala ya kumwambia mteja alipe upya. Vilevile, taarifa moja ikiletwa mara mbili isizae oda mbili, na kiasi kilichoingia kilinganishwe na bei ya oda, ili anayedaiwa shilingi 50,000 asipewe mzigo kwa kulipa 5,000.

Mfumo wa majaribio haugusi fedha halisi. Kwa hiyo, baada ya fundi kuweka funguo za mfumo halisi (yaani namba za siri zinazounganisha duka na kampuni ya malipo, ambazo hazipaswi kutumwa kwenye kundi la WhatsApp), lipeni kiasi kidogo, tuseme shilingi 1,000, kutoka kila mtandao mnaoupokea, mfuatilie fedha hizo mpaka zifike benki zikiwa zimekatwa ada mliyokubaliana, kisha mjaribu kuzirejesha kwa mlipaji.

Mteja amenionesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, lakini kwangu hakuna kitu. Nimpe mzigo?

Usimpe. Ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika chache, hivyo angalia salio na orodha ya miamala kwenye akaunti yako mwenyewe. Ukitumiwa ujumbe wa kitapeli, upeleke kwenda namba 15040.

Ndugu zetu walioko Ulaya wanataka kulipa kwa kadi. Inawezekana?

Inawezekana kupitia benki yako au kampuni ya malipo yenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Hakikisha namba ya kadi inajazwa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo, wala usikubali kutumiwa picha ya kadi. Kumbuka pia kwamba mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake hata baada ya mzigo kuondoka, kwa hiyo tunza stakabadhi ya usafirishaji na uthibitisho kwamba mzigo umepokelewa.