Harusi na fujo kwenye karatasi moja

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Kirumba hapa Mwanza, nasoma historia chuo. Barua za malodi (mabwana wenye vyeo vya ukoo) wa Uingereza za miaka ya 1810 zinanichanganya, mtu anaandika binti kajifungua, mstari unaofuata watu wamevunja mashine za kufuma. Hivi hawakujali au ndo vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Walijali sana, anza kuangalia posta yao. Kabla ya 1840 malipo yalienda kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi anayepokea ndo analipa, sasa ukiongeza karatasi umemuongezea shangazi yako deni, kwa hiyo mtu anajaza ukurasa, anaugeuza ubavu anaandika tena juu ya mistari ileile, inapishana kama nyavu za dagaa, alafu anakunja bila bahasha anafunga kwa nta. Ndo maana harusi na fujo zinabanana karatasi moja. Malodi na wabunge walituma bure kwa kusaini juu, ila sio ndugu zao wote.

Alafu fujo kwao zilikuwa habari za nyumbani kabisa. Waziri Mkuu Spencer Perceval alipopigwa risasi bungeni tarehe 11 Mei 1812, wengi wao walikuwa wanamjua kwa sura.

Ila mi linaniuma hili, Agosti 16, 1819 askari wa farasi waliwavamia watu Manchester waliokusanyika kudai uwakilishi bungeni, wakafa watu, na kwenye barua nyingi za malodi utapata zaidi hofu ya malodi wenyewe. Sauti za wafumaji waliokuwepo pale zitafute kwenye ushahidi wa mahakamani, usiache.