Gunia likikuangukia, nani analipa? Maswali yenu kuhusu fidia kazini

Msimu wa korosho ukifunguliwa, simu za kuulizia fidia haziishi. Haya ni ya wiki hii.

Shikamoo mwandishi. Nabeba mizigo ghalani hapa Masasi, nalipwa kwa gunia, mkataba wa maandishi sina. Nikiumia, nami nimo?

Marahaba mwanangu. Umo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inautambua hata mkataba wa mdomo, na malipo ya kwa gunia ni ujira kama ujira mwingine. Ila ukiwa umechukua tenda mwenyewe na kuwaita wenzako wakusaidie, hapo mwajiri ni wewe.

Kitakachokusumbua ni ushahidi. Aliwahi kuja kwangu kijana ambaye gunia la kilo 80 lilimvunja vidole vya mguu. Nyapara alimpa elfu ishirini "ya dawa", akamwambia akapumzike. Alinifikia miezi minne baadaye, mguu mmoja kandambili, mwingine kitambaa, mkononi hana hata cheti cha zahanati. Kwa hiyo ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyohiyo mbele ya mashahidi, nenda ukatibiwe, na umweleze daktari kwamba umeumia kazini ili aandike hivyo. Meseji za malipo ya simu usizifute.

Bosi wangu hapa Mikindani anatukata kila mwezi "hela ya bima ya ajali". Ni halali?

Si halali, dada. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule tunaouita WCF, analipa mwajiri peke yake. Hati ya mshahara inayoonyesha makato hayo itunze, uende nayo kwa afisa kazi.

Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho Newala, akinamama ishirini. Bima ya moto ninayo. Mfuko wa nini tena? Na mtu akiumia kwa uzembe wake?

Bima ya moto inalinda jengo lako, mzee wangu, mikono ya akinamama haiijui. Unayafahamu mafuta ya ganda la korosho kuliko mimi: yanababua ngozi mpaka alama za vidole zinapotea. Sheria haijakupa hiari. Mwajiri yeyote wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili. Na gharama haitishi. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, leo ni asilimia 0.5. Kama akinamama wako wanalipwa jumla ya shilingi milioni 6 kwa mwezi, mchango wako ni elfu thelathini. Nauli ya kumpeleka majeruhi mmoja hospitali ya Ndanda na kumrudisha huenda ikazidi hapo.

Kuhusu uzembe, Mfuko haufanyi kesi ya kutafuta mkosaji. Aliyesahau glavu analipwa, na aliyeumizwa na mashine yako mbovu analipwa. Utovu mkubwa wa makusudi ni jambo jingine, ingawa hata hapo sheria haimtupi aliyepata ulemavu mkubwa wala wategemezi wa aliyefariki. Wajibu wako ni kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba tangu upate habari. Usingoje "tuone kama atapona".

Mume wangu alikatwa vidole viwili na mashine huko Lindi. Bosi anataka asaini karatasi, apewe laki tatu, yaishe.

Asisaini. Kwanza ana haki ya matibabu. Pili, kwa muda wote ambao hawezi kazi, analipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Kama alikuwa anapata laki tatu, ni laki mbili na elfu kumi kila mwezi. Hesabu mwenyewe hiyo laki tatu ya bosi ni ya siku ngapi. Kidonda kikipona, daktari atapima ulemavu uliobaki. Ukiwa asilimia 30 au chini, analipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, anapata pensheni ya kila mwezi. Madai yafunguliwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Pole sana kwa yaliyowapata.

Nilitoroka kazini saa nne kwenda kununua samaki wa nyumbani, bodaboda ikaniangusha. Nadai?

Hapana, kaka. Ingekuwa bosi ndiye aliyekutuma samaki wa kantini, ungenipigia tena.