Karatasi ya mjomba

Mhariri, swali lenu la wiki, "Kwa nini matibabu yamekuwa ghali kuliko enzi za wazazi wetu?", limenikuta kwenye cherehani hapa Chikongola, Mtwara, nikaacha gauni la mtu halijaingia zipu. Jibu lilikuwa mdomoni tayari: kwa sababu 1993 serikali ilituletea uchangiaji gharama, basi. Kabla ya hapo ulikuwa unaingia hospitali ya serikali mikono mitupu, unatoka na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilitaka kuandika mistari mitano nirudi kwenye zipu.

Nikamkumbuka mjomba.

Ilikuwa 1995, mwezi wa nne, masika yamekolea. Waliokulia vijiji vya Newala wanaujua mwezi huo: hela ya korosho imeshaliwa, ghala limebaki vumbi, watu wanachimba ming'oko, mizizi ya porini. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Ikitoka anairudisha kwa kiganja, anaendelea kupalilia. Usiku ule haikurudi. Ikawa ngumu kama embe bichi, akaanza kutapika. Wanaume wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mpaka barabarani, mimi nyuma nimeshika kandili na viatu vyake. Nilikuwa darasa la sita. Viatu vya mtu anayebebwa nilivichukulia nini, sijui.

Lori likatushusha hospitali moja ya serikali, jina nisilitaje. Daktari alimbonyeza mara moja tu, akasema utumbo umebanwa, apasuliwe kabla hakujakucha. Nesi akachana karatasi kwenye daftari. Daftari lenyewe la kwetu, maana nalo tulilinunua getini. Akaandika: glovu jozi tatu, wembe, pamba, dripu nne, sabuni ya mche nusu, uzi wa kushonea. Na chini kabisa, kapigia mstari: dizeli lita tano.

Mama alirudia kuisoma ile dizeli. "Dada, kwani mgonjwa wangu gari?"

Nesi hakucheka wala hakukasirika. "Mama yangu, taa ya kule ndani inawashwa na jenereta. Jenereta halina kitu."

Tukaanza kuzunguka. Mwenye duka la dawa alitoka na shuka kiunoni, akahesabu vitu polepole kwa mwanga wa kandili letu. Dizeli tulimwangukia dereva wa lile lile lori. Akaingiza mpira kwenye tanki, akavuta kwa mdomo, akatema, akajaza kidumu. Mama alitoa khanga doti mbili mpya, hazijapindwa, na baiskeli ya mjomba iliyobaki kijijini ikawekwa rehani kwa maneno tu. Jumla shilingi 8,200. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika pembeni ya ile karatasi, kwa kalamu ya nesi, na sikuirudisha.

Ule uzi siusahau. Mweusi, ndani ya pakiti yake, umeshikana na sindano iliyopinda kama ndoana. Leo nashona kila siku ya Mungu, na nawaambia ulikuwa mfupi kuliko ninaomaliza kwenye suruali moja. Lakini doti nzima ya khanga ya mama iliondoka na ule uzi.

Kulipokucha mjomba alikuwa hai. Siku ya nne akaomba uji, mama ndipo akamsomea ile bei yote, kitu kwa kitu, kama anayesoma mashtaka. Mjomba akasikiliza mpaka kwenye dizeli. Akasema, "Baba alitibiwa bure, akafa bure. Mimi nidaini, nitalipa Novemba."

Hapo ndipo jibu langu la mistari mitano lilipoharibika. Babu alikuwa na ngiri hiyo hiyo. Alifariki 1984, enzi ya bure tunayoililia. Zahanati ya karibu ilikuwa na aspirini na klorokwini, ikiwa na bahati. Wa kumpasua hakuwepo. Watu binafsi walikuwa wamekatazwa kufungua hospitali za biashara tangu 1977, mpaka 1991 waliporuhusiwa tena, kwa hiyo mwenye uwezo alikwenda misheni, Ndanda au Nyangao, na huko ulichangia. Babu hakuwa na uwezo wala usafiri. Kwa hiyo nikiandika kwamba zamani matibabu hayakuwa na bei, namwandikia babu uongo.

Sasa nyinyi mnauliza kwa nini bei imepanda. Ya shilingi mnaijua wenyewe: 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, leo inacheza kwenye 2,500, na dawa zetu nyingi zinatoka nje. Klorokwini iliyokuwa ikituwasha mwili mzima ilishindwa na malaria, ikaachwa 2001, na baadaye ukaja mseto, ambao si dawa ya senti. Zamani daktari alikubonyeza tumbo, leo anakutuma altrasaundi. Barabara nayo imechangia, msishangae. Kabla Daraja la Mkapa pale Rufiji halijafunguliwa 2003, kupewa rufaa ya Dar wakati wa mvua ilikuwa kama kuagwa. Njia ilipofunguka tukaanza kwenda kweli, na kwenda ni nauli, ni chakula cha mwuguzaji, ni mahali pa kulala. Siku hizi angalau tuna hospitali ya kanda pale Mitengo.

Halafu mama. Ana presha. Anameza kidonge kila asubuhi, na akimaliza paketi inanunuliwa nyingine, hakuna mwisho. Ngiri ya mjomba ilikuwa deni la msimu mmoja. Hii ya mama haina Novemba. Lakini bibi yangu alipooza upande mmoja akafa hajafika sitini, na mama ana 74, bado ananigombeza kwa simu.

Kwa hiyo nimeanza nikiilaumu 1993 na sasa naona nitasema hivi: matibabu yamepanda, na mimi kurudi kule kwa bure sitaki. Ila asitokee mtu akaichukua hii barua akasema tunyamaze. Ile dizeli haikuwa haki, hata kama ilimponya. Na sisi wa huku hela inatupata mara moja kwa mwaka, mnada wa korosho ukiisha, wakati magonjwa yanapenda masika. Bei ambayo Desemba nailipa nikicheka, Aprili inaniuzisha cherehani.

Mtaniuliza bima. Tulikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mara ya mwisho nilipoitumia niliandikiwa dawa nikaambiwa hazipo, nikanunue nje. Ilipoisha muda sikuilipia tena. Najua nilikosea, maana siku hiyo hiyo kumuona daktari na vipimo sikutoa hata senti. Kadi ipo kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano zilizovunjika.