Haskell yangu inatumia kiini kimoja tu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kompyuta, mwaka wa tatu, Dodoma. Nimeandika kwa Haskell, lugha ya programu ya kifanksheni, programu ya kuchambua rekodi za mvua za vituo vingi, kila kituo kivyake. Nimetumia parMap rseq, amri ya kukokotoa orodha sambamba, kwa sababu niliambiwa lugha za kifanksheni hujigawia kazi zenyewe. Laptopu yangu ina viini vinne vya prosesa (cores), ila nikifungua htop, programu inayoonyesha kazi ya kila kiini, naona kimoja kinachemka na vitatu vimelala. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba. Aliyekuambia hivyo amekupa nusu ya habari. Haskell haikugawii kazi. Inachokupa ni uhakika kwamba ukiigawa, jibu halitabadilika. Fanksheni safi haibadilishi kitu cha nje, kwa hiyo hesabu ya kituo kimoja haivurugi ya kingine, wala huhitaji kufuli (lock) la kuzuia kazi mbili zisiguse data moja kwa wakati mmoja. Uhakika huo nauthamini kuliko kasi yenyewe, maana kosa la nyuzi mbili (threads, yaani kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) kugombea data moja huweza kujificha mpaka programu iko kwa mteja.

Anzia kwenye kukompaili. Bila chaguo la -threaded, GHC, kompaila ya Haskell, itaendesha hesabu zako kwenye kiini kimoja, uandike utakavyoandika. Weka ghc -O2 -threaded -rtsopts, kisha endesha kwa +RTS -N4 -s: -N4 inaomba viini vinne, -s inachapisha takwimu mwishoni.

Ninachokitilia shaka zaidi ni huo rseq. Haskell ni mvivu: haikokotoi kitu mpaka kihitajike, na rseq inakokotoa tabaka la juu tu. Kama kila kituo kinarudisha orodha, nyuzi zako zinafika kwenye kichwa cha orodha, zinaona kipo, basi zimemaliza. Hesabu yote inakuja kubebwa na uzi mkuu wakati wa kuchapisha matokeo. Badilisha, weka rdeepseq, inayokokotoa kitu chote mpaka ndani. Kama data ni ya aina uliyoitunga mwenyewe, iandikie kwanza NFData, yaani maelezo ya namna ya kuikokotoa yote.

Ukishaendesha, soma mstari wa SPARKS kwenye takwimu hizo; sparks ni kazi ulizopendekeza zifanywe sambamba. Penye converted ni kazi zilizokwenda sambamba. Fizzled ni zile zilizokutwa tayari zimekokotolewa. Kazi zikiwa nyingi na ndogondogo, zifunge mafungu kwa parListChunk.

Usitarajie mara nne lakini. Kwa hesabu ya mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl ya mwaka 1967, ikiwa asilimia 10 ya muda ni kazi isiyogawanyika, tuseme kusoma faili, viini vinne haviwezi kuzidi kasi ya mara 3.1 hivi.

Kama fizzled bado ni nyingi, nitumie mstari huo pamoja na aina ya data ambayo fanksheni yako inarudisha.