Barua kwa mwanangu, kuhusu hayo mate

Mwanangu, marahaba. Msg yako ya juzi usiku nimeisoma mara mbili, ile unayosema umepewa mradi wa masters wa tezi za mate za wadudu, za mbu, wakati wenzako wamepata kansa na kisukari, na ukaniuliza, "baba, kweli mtu anaweza kujenga maisha ya utafiti juu ya mate?" Nimechelewa sababu sikutaka kukujibu kwa voice note, jambo lenyewe linanigusa.

Anaweza, tena nina mtu wa kukuonyesha. Michael Berridge, kazaliwa 1938 Gatooma, ndo Kadoma ya Zimbabwe siku hizi, akasoma chuo pale Salisbury ambayo leo ni Harare, afu akaenda Cambridge kufanya PhD ya wadudu. Mwishoni mwa miaka ya 60 akiwa Marekani akaanza kushughulika na tezi za mate za nzi, wale wakubwa wa bluu wanaokimbilia nyama.

Sasa sikia alivyokuwa anafanya, manake hapa ndo utamu ulipo. Tezi ya yule nzi ni kijibomba chembamba, seli zimejipanga tabaka moja tu. Anaitoa nzima, anaiweka kwenye tone la maji ya chumvi lililozungukwa na mafuta ya parafini, ile ncha ameifunga na uzi wa hariri akaivuta nje ya tone ikae kwenye mafuta, anapachanja kidogo, mate yakitoka yanakaa pale kama shanga sababu maji na mafuta hayachanganyiki. Anapima upana wa shanga kwenye maikroskopu, anapiga hesabu ya ujazo, anasubiri dakika kadhaa, anapima tena. Tezi ikiachwa yenyewe imelala, haitoi kitu cha maana. Weka serotonini, ile kemikali ya mwili inayobeba ujumbe, kidogo mno uone, mate yanamiminika!

Lakini serotonini haiingii ndani ya seli, inaishia mlangoni. Sasa nani anapeleka habari ndani? Hilo swali moja lilimchukua miaka kumi na tano hivi, na mimi ndo kitu ninachomheshimia. 1968 yeye na mwenzake Patel wakaonyesha saiklik AMP ni mjumbe mmojawapo, ila ikabaki kalsiamu, inapanda ndani ya seli na haijulikani nani kaiamsha. Akafuatilia mafuta ya kwenye utando wa seli yanavyokatika, akatumia litiamu, ile ile wanayopewa wagonjwa wa bipolar, sababu inazuia vile vipande visimalizike kuvunjwa, vinarundikana unaweza kuvipima. Kipande kimoja, wanakiita IP3, kikaonekana kinatokea haraka sana. 1983 yeye na Robin Irvine wakaungana na Irene Schulz na Streb wa Ujerumani, wakachukua seli za kongosho la panya, wakazitoboa utando, wakaweka IP3, kalsiamu ikafunguka kutoka kwenye ghala lake humo humo ndani ya seli. Ikaja kuonekana mjumbe huyo huyo yupo kwenye ini, kwenye ubongo, mpaka kwenye yai linaporutubishwa. Ilianzia kwenye mate ya nzi!

Na mate yako wewe yanatoka kwa njia hiyo hiyo, kalsiamu ikipanda inafungua milango ya kloraidi, sodiamu inafuata, maji yanafuata chumvi, kama lita moja hivi kwa siku. Unamkumbuka shangazi yako alivyokuwa hawezi kumeza tonge bila kikombe cha maji pembeni, meno yakamwisha, ulimi umepasuka pasuka, akazungushwa miaka anaambiwa ni uzee, kumbe ni Sjögren, kinga yake mwenyewe inakula tezi za mate. Mimi tangu ile siku sijawahi kuona mate ni kitu kidogo.

Halafu hata huyo mbu wako. Miaka yangu yote ya maabara nimepasua mbu, unambana kifua na sindano moja, na nyingine unavuta kichwa taratibu mno, ukiharakisha zinakatika, ukitulia tezi mbili zinafuata nyuma ya kichwa, kila moja ina sehemu tatu kama vidole, angavu kama kioo. Unafunika na kioo chembamba, unagandamiza kidogo, na kama mbu ana malaria unaona vimelea vinamwagika kama visindano vimepinda. Kimelea kisipoingia kwenye hizo tezi, mbu anaweza kukuuma asikuambukize. Kwanini kinazichagua hizo, na seli zake zinakiruhusuje kupita, hayo ni maswali ya mtu kukaa nayo, na wewe uko mahali ambapo mbu wenyewe wanapatikana.

Kwahiyo kubali huo mradi. Muulize supavaiza wako kama mtapima mate yanavyotoka au mtaangalia tezi tu, manake kama ni kupima utahitaji mkono uliotulia na wiki kadhaa za kuharibu tezi kabla hujaanza kuandika namba. Sindano zangu zile za vijiti ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, ntamkabidhi kondakta Ijumaa asubuhi, nenda stendi mapema.

Baba yako